Namwinga na Trekta la Mume Wangu

Msibani kwa Namwinga, pale Tunduma, mwongozaji wa shughuli alishika kipaza sauti akaita makundi ya kuweka udongo kaburini: watoto, wajukuu, wakwe, majirani, kina mama wa kwaya. Kila kundi lilipoitwa niliinua mguu, kisha nikaurudisha. Ndugu yake si mimi. Yeye alikuwa Mnamwanga wa Tunduma, mimi ni Mndali wa Mbebe. Jirani yake pia si mimi, maana tangu nilipoolewa nimeishi Mbozi. Malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani yalinguruma hata mchungaji akawa analazimika kunyamaza mara kwa mara, na katika kunyamaza kwake kumoja binti aliyekuwa akigawa maua akaniinamia. "Shikamoo, bibi. Wewe ni nani kwa marehemu?" Nikamjibu neno la kwanza lililonijia mdomoni: "Nilikuwa namwonea wivu." Nadhani alifikiri sikulisikia swali. Alinipa ua, akanishika mkono taratibu, akanisogeza kwa majirani.

Siku zilizofuata nililifikiria jibu lile nikaona halikuwa la kizee. Watu wakiniuliza habari za ujana wangu hutaka kusikia habari za wazungu, za kodi ya kichwa, za bendera kupandishwa. Mimi nikifumba macho naona mshale mdogo ndani ya kioo cha duara, unashuka polepole, na nyuma yake naona kisogo cha mume wangu kimeinama karibu na kisogo cha mwanamke mwingine. Huo ndio mwaka wangu. Mingine yote niliiishi baada ya huo.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa, wakati wa Mwingereza, na tuliishi katika kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja upande wa Mbozi. Chumba chetu kilikuwa kimoja, cha matofali mabichi, na bati lililokuwa likilia alfajiri likipoa na kulia tena jua likipanda. Kitanda cha kamba, sanduku la mbao, mkeka, misumari ukutani ya kutundikia nguo. Nje ya mlango palikuwa na mafiga matatu ambayo sikuyaleta mimi. Yalikuwa ya mke wa dereva aliyemtangulia mume wangu. Injini ya trekta la zamani ilikwama mikononi mwa dereva yule, mzungu akasema ni uzembe, na siku ileile walitolewa chumbani na vyombo vyao; mwanamke yule hakupata hata nafasi ya kubeba mawe yake ya kupikia. Kila nilipoinjika chungu nilimkumbuka, ingawa sikuwahi kumwona.

Mume wangu, Lazaro Nzunda, alikuwa Mnyiha mrefu mwenye maneno machache. Machache hayo mengi aliyatumia kwa trekta. Aliliamsha, aliliuliza hali, aliligombeza, alilisifu likipanda mlima na tela la kahawa nyuma. Jioni alivua ovaroli akaitundika kwenye msumari wa mlangoni, na harufu ya trekta ikalala ndani pamoja nasi. Mimi nilimwandalia ugali wa ulezi na maharage, nikamngojea aniambie kitu. Alikula, akasema, "Ahsante, umepika," kisha akageuza uso kuelekea mlangoni kana kwamba kuna mtu amemwita huko nje. Nilikuwa msichana niliyezoea nyumba ya kelele, na sasa nilikuwa nimeolewa na mgongo. Sikujua kwamba mwanamke anaweza kuonea wivu chuma. Nilijifunza.

Ilipoingia kipupwe, ile baridi ya Mbozi inayouma mpaka kwenye meno, mgongo ule ulizidi kuwa mgumu. Aliamka mapema kuliko kawaida. Chakula alikiacha nusu. Usingizini alisaga meno. Nikimwuliza, "Nzunda, una nini?" alijibu, "Hakuna." Halafu Jumapili moja, tulipotoka kanisani, alichukua baiskeli ya nyapara akaniambia anakwenda Tunduma mara moja. Alirudi jua likizama, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, hana alichonunua. Jumapili iliyofuata akaenda tena. Baada ya hapo ndipo jirani yangu, Mama Edina, mwanamke aliyejua kila jambo la kambi kabla halijatokea, alipokuja kuomba moto akakaa.

"Mdogo wangu, mimi si mtu wa maneno," alisema, akipuliza kaa ambalo tayari lilikuwa jekundu. "Lakini mumeo ameonekana Tunduma akiingia kwa Namwinga. Yule mjane mwenye mashine ya kusaga. Ameingia, amekaa sana, ametoka anatabasamu."

"Anatabasamu?" nikauliza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kuingia na kuliko kukaa. Mimi meno ya Lazaro niliyaona siku ya harusi, basi.

Namwinga nilikuwa nimemsikia. Mumewe alikuwa fundi wa migodini ng'ambo ya mpaka, akarudi Tunduma na injini, akafunga mashine ya kusaga, kisha akafa. Watu walitegemea kwamba ndugu wa mume wangeichukua mashine na mjane pamoja. Yeye alivaa ovaroli ya marehemu, akafunga kilemba juu yake, akawasha injini mwenyewe, na kuanzia siku hiyo akawasagia unga hao ndugu kama wateja wengine. Hakuwa na mtoto bado wakati ule. Watoto aliwapata baadaye, kwa ndoa nyingine. Walisema ni mzuri. Walisema anacheka kwa sauti kama mwanamume. Nikaanza kunusa nguo za mume wangu.

Nilinusa kila kitu. Alipokwenda kuoga nilishusha ovaroli msumarini nikaizamisha pua kwenye kola, kwapani, kifuani, mfukoni. Nilitafuta sabuni ya dukani, mafuta ya nywele, unga wa mashine, chochote cha mwanamke. Nilipofua nilitafuta tena, kwa sababu maji hufichua harufu ambazo kitambaa kikavu huzificha. Nilipata jasho, moshi, oili na mafuta ya taa, harufu ambayo kwetu Mbebe niliijua kwenye taa moja tu, ya mwinjilisti. Mjane sikumpata. Lakini mtu mwenye wivu asipopata kitu hasemi hakipo. Husema kimefichwa vizuri.

Kisha akaja mwenyewe. Aliteremka kwenye lori la mizigo mchana mmoja mkavu, ana kikapu cha mchele wa Msangano kichwani, samaki wakavu ndani ya jani la mgomba, na mkononi kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe kama kitoto kichanga. Lazaro alikimbia kumpokea. Alikimbia! Akamleta mpaka mlangoni kwangu akasema, huku akitazama ardhi, "Huyu ni dada Namwinga. Atalala kwetu siku mbili tatu. Mimi nitalala kwa vijana." Hakuongeza neno. Nilisema karibu, kwa sababu nilikuwa nimelelewa. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kanisani: niliweza kuomba na kutubu, sikuweza kugombana.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema Namwinga. Alinitazama kuanzia kilembani hadi miguuni, bila haraka. "Nzunda hakuniambia kama wewe ni mdogo hivi."

Nilikaa na sentensi hiyo mchana kutwa. Kwanza, kumbe wameniongelea. Pili, wameniongelea na hakusema kitu cha maana.

Jioni ile nilisikiliza. Walikaa mlangoni, mimi kwenye mafiga, na kwa mara ya kwanza nikajua kilichokuwa kikimsagisha mume wangu meno. Mbele ya kiti cha dereva kulikuwa na geji ya kuonyesha nguvu ya oili inavyosukumwa ndani ya injini. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mshale ulisimama juu inavyotakiwa. Injini ikipata joto, mshale ulianza kushuka, na trekta likisimama huku linanguruma polepole, mshale ulilala karibu na sifuri. Sasa kuna sauti imeanza kugonga chini likivuta mzigo. Oili ikikosa nguvu haifiki inakotakiwa, vyuma vinasuguana vikavu, na mwisho wake injini inakwama. Mzungu alikuwa amekwenda pwani kutibiwa macho, na angerudi kabla ya kilimo cha mvua. Lazaro hakumwambia nyapara, kwa sababu nyapara angempelekea mzungu habari, na sote tulijua mafiga yale ya mlangoni yalikuwa ya nani. Na mimi hakuniambia. Hayo yote alikuwa amemweleza Namwinga tangu Jumapili ya kwanza.

Namwinga alikuwa akimwuliza maswali na yeye akimjibu. "Oili unaongeza?" "Siongezi, dada. Haipungui kabisa." "Unasikia linagonga likivuta au likiachia?" "Likivuta." Akafikiri, na Lazaro akamngoja. Hapo ndipo wivu uliponishika. Angemshika mkono ningejua la kufanya. Ningepiga yowe, wazee wangekuja. Hakumshika. Alimsikiliza. Alimsikiliza kwa uso mzima, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayekinga maji ya mvua. Nimezeeka sasa, nimezika mume na dada na watoto wawili, na bado naweza kuuona uso ule kwenye mwanga wa moto wangu mwenyewe, umegeuziwa mtu mwingine. Wanaosema wivu ni wa kitandani hawajaona mume wao akimsikiliza mwanamke anayemwelewa.

Tulilala kitanda kimoja, mimi na Namwinga, migongo imegusana kwa ajili ya baridi. Alilala mara moja, kama mtu asiye na deni na yeyote. Mimi nilihesabu mabati.

Asubuhi niliwafuata bandani kwa kisingizio cha uji. Alikuwa amekifungua kitambaa cheupe: ndani yake mlikuwa na geji nyingine, ya marehemu mumewe, ya kupimia injini za migodini. "Kitu cha kwanza ni kujua kama mshale huu wa kwenu unasema kweli," alimwambia Lazaro. "Geji nayo ni shahidi. Shahidi anaweza kusema uongo." Wakaifungua ya trekta, wakafunga ya kwake mahali palepale. Lazaro akazungusha mpini mpaka jasho likamtoka, injini ikashika kwa petroli, ikakohoa, akageuza bomba haraka ikaanza kula mafuta ya taa, maana trekta lile liliwashwa kwa petroli na kufanya kazi kwa mafuta ya taa. Tukangoja. Mshale wa geji ya marehemu ulisimama juu, ukatetemeka, kisha ukashuka vilevile, hatua kwa hatua, mpaka chini.

"Basi yenu haisemi uongo," alisema Namwinga. Lazaro akajifuta uso kwa kiganja. Nilimwona amekata tamaa, na Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hata yule hakuweza kumfurahisha.

Walifungua valvu ya kupunguza nguvu ya oili iliyo ubavuni, wakatoa springi na kidonge chake, wakavisafisha kwa manyoya ya kuku, wakaviangalia juani. Springi nzima, kidonge hakina alama. Wakavirudisha, wakawasha, mshale ukashuka tena. Mchana walikuja kula wakiwa weusi mpaka viwikoni, wakinawa kwenye bakuli moja. Nilikuwa nimepika wali wake na samaki wake, kwa mafiga ya mwanamke mwingine, kwa ajili ya mume ambaye sikujua ni wa nani. Lazaro akaanza kusimulia, na kwa mara ya kwanza chumbani mle alisimulia kitu kirefu: jinsi dada Namwinga alivyoweka ncha ya bisibisi kwenye ubavu wa injini na mpini wake sikioni, akajua ni beringi ipi inagonga. "Ana sikio huyu!" alisema. "Inabaki kushusha bakuli la oili, chini ya injini, tuangalie ndani. Sikio kama lile sijaliona."

"Na mimi nina pua," nikasema.

Niliisikia sauti yangu kabla sijajua ninasema. Wakageuka wote. Nikaendelea, na hapo ndipo nilipogombana kwa Kiswahili mara ya kwanza maishani, kwa maneno ya kanisani na ya sokoni yaliyochanganyika. "Mnatafuta, mnatafuta, mnalala chini, mnasikiliza kwa bisibisi. Nguo zake ninafua mimi! Zamani doa la oili nilisugua kwa majivu mpaka vidole vinachubuka. Siku hizi linatoka kwa maji tu. Na linanuka mafuta ya taa. Si mkononi anapomimina, hapana. Doa lenyewe la oili, hapa tumboni anapolala chini ya injini, linanuka taa."

Namwinga aliacha kutafuna. "Umejuaje?"

"Nanusa."

"Mtu anafua nguo, anazinusa kwa nini?"

Mama Edina, aliyekuwa amekuja kurudisha ungo, alisimama mlangoni kama nguzo. Mkono wa Lazaro ulikuwa umebaki ndani ya bakuli. Ningeweza kusema ni desturi ya kwetu Mbebe. Nikasema, "Natafuta harufu yako."

Namwinga alimeza alichokuwa nacho mdomoni, akanywa maji, akaniuliza kwa upole ulionishangaza, "Na umeipata?"

"Sijaipata. Nimepata mafuta ya taa."

Akasimama na mikono yake michafu kwa wali. "Nzunda, inuka. Twende tukapime."

Nilibaki nimekaa nimeficha uso kwenye magoti, na Mama Edina akaondoka na ungo wangu tena kwa haraka ya kwenda kusimulia. Walipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa juu ya alama. Lazaro alikuwa akiliona hilo kila asubuhi na kufurahi kwamba injini yake hainywi oili. Kumbe haikuwa ikibaki, ilikuwa ikiongezeka. Namwinga aliisugua kati ya vidole, ikakimbia kama maji. Akainusa, akatikisa kichwa, akampa Lazaro. "Siisikii," alisema. "Mimi nimeishi ndani ya mafuta haya tangu niolewe, na wewe unayamimina kila siku. Pua zetu zimekufa." Baadaye aliniambia kwamba na yeye angefika hapo hapo, ila angefika kwa kuzunguka, baada ya kufungua kila kitu. Naamini ni kweli. Sikupenda kuamini.

Sababu ilikuwa baridi, na ubahili wa petroli. Mzungu aliacha petroli kidogo na amri kwamba isipotee, hivyo Lazaro aliigeuzia injini mafuta ya taa kabla haijapata joto. Injini baridi haiyachomi mafuta hayo yote. Yanayobaki huteremka kandokando ya pistoni mpaka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na oili nyepesi haisukumiki. Walimwaga ile yote, ikatoka kama chai, wakaweka mpya. Mshale ulipanda. Lakini injini ilipochemka ulishuka tena, si kama mwanzo, ila ulishuka, na chini bado paligonga. Oili ile mbovu ilikuwa tayari imekula kitu.

Usiku wa siku ile Lazaro hakuja hata kuniaga. Niliaibika kwa ajili yake na yeye aliaibika kwa ajili yangu, na kambi nzima ilikuwa na habari. Namwinga alikaa kwenye ukingo wa kitanda akijipaka mafuta miguuni. Nilijua nastahili kusemwa, nikajikunja kungoja. Alisema, akiwa ameitazama ovaroli ya Lazaro msumarini, "Marehemu alipokufa, mama mkwe wangu alifua nguo zake zote siku ya tatu, kwa mila. Nilikuwa nimelala. Nilipoamka zilikuwa kwenye kamba, zinanuka sabuni." Akavuta blanketi. "Wewe una shati la kunusa, mdogo wangu. Sogea, unachukua kitanda chote."

Nisiseme kwamba maneno hayo yaliniponya. Kesho yake nilipokwenda bandani niliona miguu minne imetokeza chini ya trekta, miwili ya mume wangu na miwili yake, sambamba, visigino vimechimba mchanga, na wivu ukanirudia mbichi kama haujawahi kuondoka. Nilikuwa nageuka niende zangu. Sauti ya Namwinga ikatoka chini ya chuma: "Ni Tusekile huyo? Njoo ushike hapa. Mikono yetu minne haitoshi." Nikainama. Hakunipa nafasi upande wa nje. Alijivuta pembeni, akapiga mchanga kwa kiganja, kati yake na Lazaro. "Lala hapa katikati."

Nikalala. Juu yangu injini ilikuwa imefunguliwa tumbo, na ilidondosha oili kwenye paji la uso wangu. Nilishika kifuniko cha beringi, kizito na cha baridi, na Namwinga akauchukua ukucha wangu akaupitisha juu ya chuma laini cha ndani. "Umesikia? Mikwaruzo. Hapo ndipo oili ilipokimbia." Halafu akaupitisha kwenye mhimili unaozungushwa na pistoni. Huo ulikuwa laini kama jicho la samaki. "Huu umepona. Bwana Mungu amewahurumia." Kati ya kifuniko na mwenzake mlikuwa na vibati vyembamba kama ganda la kitunguu. Walitoa kimoja kila upande, ili kifuniko kibane zaidi, wakafunga, wakazungusha kwa mkono kuona kama hakibani mno. Lazaro hakuwa amesema neno na mimi tangu jana. Sasa, akiwa amelala ubavuni mwangu, uso umegeukia juu, alisema polepole kwa Kinyiha chake, ambacho nilikuwa nimeanza kukielewa, "Shika vizuri, isikudondokee usoni." Nikashika vizuri.

Walipowasha, Namwinga aliniweka mimi kwenye kiti cha dereva nitazame mshale na kuusema kwa sauti. Lazaro aliiacha injini itumie petroli mpaka maji yakawa ya moto, gunia limetundikwa mbele ya rejeta kuzuia baridi, ndipo akageuza. Nikapiga kelele, "Juu! Juu! Bado juu!" Ulishuka kidogo, ukasimama katikati, na hapo ukakaa. Chini hapakugonga. Mume wangu alikaa chini kwenye mchanga, akaweka mikono kichwani, akacheka. Niliyaona meno yake yote.

Mzungu aliporudi alilikuta trekta linavuta, akasema tu kwamba petroli imetumika sana. Hatukutolewa chumbani. Lakini kabla hajarudi, kuna jambo lingine. Siku Namwinga alipokuwa anapanda lori kwenda kwao, Lazaro alimwuliza ampe nini. Akajibu, "Shemeji yangu aliyekuwa akinisaidia amekwenda migodini, mashine imenielemea, na watu wanasaga sana sasa kabla ya mvua. Nimekuazima geji. Niazime mkeo." Lazaro alicheka akidhani ni utani. Mimi nilikuwa tayari nafunga nguo zangu kwenye kanga.

Sijui kama nilikwenda kwa kumpenda au kwa kutaka kuona alichokuwa nacho. Nilikaa Tunduma wiki nyingi. Nilijifunza kupokea debe, kupima, kumimina taratibu ili mawe yasijazwe, kuwajibu wateja wa ng'ambo kwa "mukwai" yao, neno lao la heshima. Niliongea mchana kutwa. Usiku tulikula ugali na majani ya maboga kwenye chumba chake kilichonuka unga na injini, na alicheka kwa sauti ile waliyoisema. Nilipenda namna wanaume walivyomwogopa. Siku nyingine bado niliutazama mkono wake juu ya mpini wa injini na wivu ukanipanda, kwa sababu mkono wangu haukuwa ule.

Jumapili moja baada ya ibada palikuwa na foleni ndefu ya wanawake na madebe yao, na katikati ya vilemba nikaona kichwa kirefu kisicho na kilemba. Lazaro alikuwa ametoka Mbozi kwa baiskeli na gunia la mahindi kwenye keria, akapita mashine nyingine njiani, akaja kusaga Tunduma. Hakuja mbele. Alipanga foleni. Wanawake walimwuliza kama mkewe amekufa. Akasema hapana, ameazimwa. Walicheka mpaka nikasikia juu ya kelele ya mashine. Namwinga alikuwa akinisimulia jambo sikioni, na mimi nacheka, na kila nilipoinua macho nilimwona mume wangu anatutazama, amekunja uso, anajaribu kusoma midomo yetu.

Ilipofika zamu yake aliweka gunia mbele yangu.

"Mnaongea nini ninyi?" aliuliza.

"Mambo yetu," nikasema. Nikaingiza mkono guniani, nikachota, nikaangalia. "Mahindi yako yana makapi. Kapepete kwanza."

Nilidhani atakasirika, atabeba gunia lake. Akaomba ungo kwa mama mmoja, akaenda akachuchumaa ukutani pamoja na wasichana, dereva wa trekta, na suruali yake ya kanisani, akaanza kupepeta, vibaya, mahindi mengine yakirukia kwa kuku. Namwinga aliniambia niende nikamsaidie. Nikamwambia, "Niache kidogo kwanza, dada. Acha nimwangalie."